Magazini za Namba Thelathini na Moja

Jumanne asubuhi Verna Tackaberry alipoitwa ghorofani, hakupewa nafasi hata ya kuvua aproni. Alipanda ngazi za chuma mikono ikinuka mafuta ya mashine, akabisha hodi, akaambiwa aingie. Kiti cha mgeni kilikuwepo. Juu yake meneja, Bwana Ormsby, alikuwa ameweka kofia yake, na hakuiondoa.

Mezani magazini mbili za bunduki zilikuwa zimelazwa juu ya gazeti ili zisichafue mbao. Verna alizijua kabla hajazikaribia. Alikuwa na miaka kumi na minane katika kiwanda kile cha bunduki kando ya Ziwa Ontario, tangu vita vya Hitler, na miaka miwili ya mwisho alikuwa mkaguzi wa magazini, hayo makasha ya bati yanayobeba risasi ishirini na kuchomekwa tumboni mwa bunduki. Kila magazini iliyotoka kwa mafundi ilipita mikononi mwake. Aliitia kwenye kipimo cha chuma kilichochongwa mfano wa koo la bunduki. Ikiingia vizuri na kukaa bila kucheza, alichukua nyundo ndogo na kuigonga ubavuni muhuri wake: kiduara, na ndani yake namba 31. Ikikataa, aliitupa kwenye sanduku jekundu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na namba hiyo.

Bwana Ormsby alinyoosha penseli kuelekea kwenye namba, maana kidole chake hakikutaka mafuta.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, Bwana Ormsby."

"Basi umetuaibisha mbele ya Ulaya nzima, Verna."

Verna alimwita Bwana, naye akamwita Verna, kama mtu anavyomwita paka wa jirani. Huko juu mambo yalikuwa hivyo. Waliovaa tai waliitana Bwana, na waliovaa aproni walikuwa na majina ya ubatizo tu, hata wakiwa na mvi.

Shauri lenyewe alilielezea kwa kirefu, akizungukazunguka nyuma ya meza. Majira ya vuli yale, mwaka 1959, askari wa Kanada waliokuwa Ujerumani walifanya mazoezi ya pamoja na askari wa Ubelgiji. Kila mtu alijua kuwa nchi hizi marafiki zilikuwa zimekubaliana kutumia bunduki moja. Magazeti yaliandika, mawaziri walipeana mikono. Basi siku ya mazoezi majenerali wakataka kuona askari wakibadilishana magazini, ya huyu iingie kwenye bunduki ya yule. Za Wabelgiji ziliingia katika bunduki za Kanada. Za Kanada ziligoma kabisa kuingia katika bunduki za Wabelgiji. Sajini mmoja alizipiga kwa kiganja mpaka kikachanika. Wabelgiji wakacheka. Jenerali wa Kanada hakucheka. Sasa magazini zimerudishwa, na zote zina namba 31.

"Bunduki ni moja," Bwana Ormsby alisema. "Magazini haiingii. Kwa hiyo magazini ni mbovu. Na mbovu hiyo kuna mtu aliipitisha. Mtoto wa shule angeweza kufanya hesabu hii."

Verna alimwambia kwa sauti ya chini kwamba bunduki si moja, ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Wabelgiji waliichora kwa milimita. Waingereza walipoichukua waliichora upya kwa inchi, wakabadilisha hiki na kile, na Kanada ikafuata njia hiyo ya inchi. Magazini ya Ubelgiji ina kinundu kidogo mbele, kimefinywa kutoka kwenye bati lake lenyewe. Ya Kanada ina jino nene, kipande cha chuma kilichochomelewa kwa shaba, ili ishike zaidi. Kinundu kidogo kitaingia kwenye tundu kubwa, ingawa kitacheza. Jino nene kwenye tundu dogo halitaingia hata ulipige kwa nyundo. Na kipimo alichopewa yeye ni cha jino nene.

Haya yote Bwana Ormsby angeyajua kama angeshuka ngazi siku moja akaangalia. Lakini alikuwa ameletwa miaka miwili nyuma kutoka kiwanda cha majiko, na mpaka leo magazini aliiita "kile kibati". Alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, akingoja ipite.

"Hukuitwa kufundisha," alisema. Akasukuma karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba mkaguzi namba 31 anakiri alipitisha magazini hizo bila kuzitia kwenye kipimo, kwa uzembe. Ijumaa atakuja mtu wa serikali kutoka Ottawa, na karatasi iwe na saini. Akisaini, atahamishiwa kwenye matangi ya kuoshea vyuma, mshahara wa chini kidogo, lakini kazi anayo. Asiposaini, aproni yake ataiacha mlangoni Ijumaa hiyohiyo.

"Nafanya hivi kwa sababu ya huruma," akaongeza. "Najua hali ya mumeo."

Verna aliichukua karatasi kwa ncha za vidole isije ikapata mafuta, kisha akashangaa kwa nini anaitunza hivyo.

Chini, Bronia Kulesza, Mpolandi aliyekuwa akichomelea yale meno, alikuwa amemwekea kikombe cha chai juu ya ukingo wa tanuri yake kisipoe. Hakumuuliza kitu. Alikisogeza tu, akarudi kwenye moto wake. Wapo watu wanaojua kwamba mwenye fadhaa anahitaji kwanza kitu cha moto cha kushika.

* * *

Nyumbani kwa kina Tackaberry walikuwa watatu. Clifford, mume wa Verna, alikuwa amefanya kazi ya matairi mpaka kifua chake kikafa, na sasa alishinda kando ya jiko la jikoni akipumua kama mlango unaohitaji grisi. Mama yake Clifford, Bi Elva, alikuwa na miaka sabini na minne na ulimi ambao haukuzeeka. Verna ndiye aliyetoka asubuhi. Wa nne, Delbert, mtoto wao wa pekee, alikuwa askari Ujerumani, katika kikosi kilekile kilichofanya yale mazoezi.

Barua ya Delbert ilikuwa imefika wiki mbili kabla, na ndiyo maana Verna hakushangaa alipoziona magazini juu ya gazeti. Delbert aliandika kwamba Wabelgiji ni watu wazuri, wana chokoleti na bia, na kwamba wakubwa walijitia aibu kwa kutojua kinachojulikana na kila kuruta. Mwishoni akaandika jambo ambalo Verna alilisoma mara nyingi. Alikuwa ameiona namba 31 kwenye magazini ya mwenzake, akampa sigara ili wabadilishane. Tangu hapo alikuwa akizitafuta. Sasa zote tano alizobeba zilikuwa za mama. Wenzake wanamcheka, aliandika, lakini nao wameanza kuzitafuta.

Verna aliweka karatasi ya Bwana Ormsby mezani kati ya viazi na nyama ya kopo, akawaeleza. Clifford aliisoma akifuata kwa kidole.

"Saini," alisema.

"Ni uongo, Cliff."

"Najua ni uongo. Kwani nimeoa mwongo? Sijaoa. Wewe saini. Kalamu haiumi."

Alisema mengine, kwa vipande, akipumzika katikati. Kwamba matangini watu wanafanya kazi na hawafi. Kwamba hakuna mtu atakayeisoma karatasi hiyo, itaingia kabatini izeeke. Kwamba yeye mwenyewe huanika nguo uani huku jirani akimtazama juu ya ua na kumuuliza kama leo amebandika maharage, naye amevumilia, sasa kwa nini Verna asivumilie jambo dogo. Hapo sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko kifua kilivyoweza, akakohoa mpaka machozi. Verna akamletea maji. Hakuwa na hasira naye. Aliyemdharau Clifford kuliko wote ni Clifford.

Bi Elva alikuwa akimenya kiazi chake cha kuchemsha kwa kisu, maganda yakianguka mapana mapana. Kwa miaka ishirini na sita, tangu Verna aolewe, hajawahi kusifu hata mkate wake. Unga umezidi, chumvi haitoshi, mama yako hakukufundisha. Verna alingoja asikie kosa lake la leo.

"Kaka yangu Wilbur," Bi Elva alisema, "alikuwa na bunduki ya Kanada. Hiyo nyingine, ya zamani."

Clifford akamwambia Mama, si sasa.

"Nyamaza, unapoteza pumzi. Vita vya kwanza, mwaka wa kumi na tano. Bunduki nzuri kweli, ilishinda mashindano yote ya shabaha, waziri aliipenda kama binti yake. Ilikula risasi za Kanada. Kule mitaroni wakapewa risasi za Waingereza, nene kidogo, nene kwa unywele. Ukipiga moja, mbili, inakaza. Walikuwa wanafungua komeo lake kwa teke, Wajerumani wanakuja. Rafiki yake alituandikia. Wilbur alikufa mguu ungali kwenye komeo la bunduki."

Akaweka kisu chini.

"Baadaye ikaja barua ya serikali. Inasema askari wazingatie usafi wa silaha. Baba yangu aliisoma kanisani akidhani ni ya rambirambi." Akaichukua ile karatasi ya Bwana Ormsby kwa vidole viwili, akaitazama kama kitu alichokitoa kwenye sinki. "Wanaandika vilevile. Hata herufi ni zilezile. Unywele ni wao, uchafu ni wako."

"Sasa afanye nini, Mama?" Clifford aliuliza. "Tule nini?"

"Mimi sijui mle nini. Viazi hivi havikuiva."

Alimaliza kiazi ambacho hakikuiva, akanyanyuka, akaenda kulala saa moja kama kawaida yake. Karatasi ilibaki mezani. Verna aliondoa sahani, akafuta kuizunguka.

* * *

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, Bronia alikuja kuketi karibu na Verna nyuma ya rafu za vyuma, mahali ambapo ghorofani hawaoni. Alifungua kitambaa chake, akakata mkate wake mweusi wa nafaka ya rai vipande viwili, akampa Verna kile chenye soseji. Kisha akasema bila kumtazama kwamba tangu jana amepewa kazi nyingine.

Bwana Ormsby alikuwa amemwagiza asage meno. Magazini elfu mbili, nzima, ambazo bado hazijafika kwenye kipimo wala kugongwa muhuri, achukue jiwe la umeme na kuyasaga yale meno aliyoyachomelea mwenyewe mpaka yawe madogo kama kinundu cha Wabelgiji. Kesho mtu wa Ottawa atakuja na bunduki ya Ubelgiji sandukuni. Magazini zilizosagwa zitaingia, na Bwana Ormsby atasema: tazama, tukitengeneza vizuri zinaingia, kumbe kosa lilikuwa la namba 31.

"Na kwenye bunduki yetu?" Verna aliuliza.

"Nilijaribu moja. Inaingia. Nyuma inashika. Mbele inacheza kama jino la babu." Bronia alitafuna. "Nilimwambia. Akaniuliza nimekuja nchi hii mwaka gani."

Bronia alikuwa amechomelea madaraja ya jeshi la Poland kabla Bwana Ormsby hajajua kufunga tai, lakini jambo hilo halikuandikwa kwenye kadi yake ya kazi. Kilichoandikwa ni mwaka wa kuingia nchini.

"Dada Verna," Bronia alisema, "mimi nina watoto. Kesho sitasema kitu. Nimekuambia leo ili kesho usiseme Bronia alikuficha."

Verna alimwambia hataulizwa. Akaumalizia mkate wa rai mpaka chembe ya mwisho, kwa sababu mwenzake alikuwa amempa kile kipande chenye soseji.

* * *

Ijumaa asubuhi Verna alivikuta viatu vyake vya kanisani mlangoni, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Clifford alikuwa dirishani akijifanya anaangalia theluji ya kwanza. Tangu Jumanne walikuwa wakiongea mambo ya makaa na maziwa tu. Verna alivaa viatu, akamgusa bega, akatoka.

Mtu wa Ottawa aliitwa Bwana Stroud. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikunywa kahawa ya Bwana Ormsby kama dawa. Bunduki mbili zililazwa mezani, ya Kanada na ya Ubelgiji, na ukiziangalia kwa haraka ungeapa ni pacha. Safari hii kiti hakikuwa na kofia, lakini hakuna aliyesema Verna aketi, kwa hiyo alisimama karibu na rafu ya mafaili.

Bwana Ormsby alifanya maonyesho yake. Alichukua magazini yenye namba 31, akaijaribu kwenye bunduki ya Ubelgiji, ikakataa. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akachukua moja ya zile zilizosagwa, ikaingia, ikalia ta. Akatabasamu. Alieleza habari za nidhamu, habari za wanawake waliobaki viwandani baada ya vita ingawa vita vimekwisha, na huruma yake mwenyewe. Kisha akamgeukia Verna na kuuliza iko wapi karatasi.

Verna aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nne, haina saini. Akaomba jambo moja. Iwapo ile iliyosagwa ni nzuri, basi Bwana Ormsby aitie na kwenye bunduki ya Kanada.

Bwana Ormsby alisema haina haja. Bwana Stroud, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, akasema itie. Ikatiwa. Ikashika nyuma. Kwa macho ilionekana imekaa.

"Sasa naomba uipige chini kwa kiganja," Verna alisema. "Kama askari wanavyofanya."

Bwana Ormsby aliipiga kama mtu anayebembeleza mtoto. Bwana Stroud akaweka kikombe, akaichukua bunduki, akaipiga yeye. Mbele ya magazini ikashuka, nyuma ikaachia, na kasha zima likaanguka juu ya kidau cha wino cha Bwana Ormsby. Wino mweusi ukatambaa mpaka kwenye gazeti.

Verna alidhani yamekwisha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa na bado alidhani kwamba ukiwaonyesha watu kitu, wamekiona.

Bwana Stroud alifuta vidole kwa leso. Alisema tofauti ya inchi na milimita wao Ottawa waliijua tangu mwanzo, ipo kwenye mafaili, na haikuwahi kuwa siri. Ila si jambo la kuandikwa kwenye ripoti, kwa kuwa mawaziri walikwisha kutangaza bunduki moja. Bwana Ormsby aliitazama meza. Verna aliona shingo yake ikigeuka nyekundu kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma, maana naye alikuwa amefanywa mjinga na watu wa ghorofa ya juu yake.

Huruma hiyo haikudumu. Bwana Stroud akaendelea kusema kwamba kwa vile mambo ni hivyo, karatasi ya kukiri haihitajiki tena. Inaweza kuchanwa. Mama huyu abaki na kazi yake, na mshahara wake uleule. Kitu kimoja tu. Majira ya kuchipua kutakuwa na gwaride Ujerumani mbele ya waandishi wa habari, na safari hii magazini lazima zibadilishane. Kwa hiyo zile elfu mbili zilizosagwa zitapelekwa. Haziwezi kutoka kiwandani bila muhuri wa mkaguzi. Azigonge.

"Lakini zinadondoka," Verna alisema.

"Ni za picha tu."

"Na baada ya picha zitakwenda wapi?"

Bwana Stroud alitazama saa yake.

"Zitarudi stoo ya kikosi, nadhani," alisema.

Stoo ya kikosi. Verna aliiona stoo hiyo kana kwamba amewahi kufika. Aliona mikono ya vijana ikichambua lundo la makasha ya bati, ikiyageuza ubavuni, ikitafuta kiduara kidogo chenye namba 31. Na mkono mmoja miongoni mwa hiyo aliufahamu tangu ulipokuwa hauwezi kushika kijiko.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?" Bwana Ormsby aliuliza. Alikuwa amepata tena mtu wa chini yake, na sauti ilimrudi. "Verna, umepewa kila kitu. Umepewa hata zaidi ya haki yako. Ni kugonga nyundo tu, tumbili angeweza."

"Basi mleteni tumbili, Bwana Ormsby. Muhuri wake atauchonga mwenyewe."

Hakuinua sauti. Hata yeye alishangaa kusikia maneno hayo yakitoka bila kutetemeka, kwa lafudhi iliyofanana sana na ya Bi Elva.

Bwana Ormsby alimwambia aache aproni na muhuri hapohapo mezani, aende. Verna alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mbali na wino. Muhuri hakuuweka. Aliushika ngumini, kijiti cha chuma kifupi kuliko kidole chake cha kati.

"Mkaguzi akiondoka, muhuri wake unasagwa mbele yake," alisema. "Ndiyo kanuni, tangu wakati wa vita. Halafu inaandikwa kitabuni."

"Tutausaga wenyewe. Nenda nyumbani."

Kila mtu chumbani alijua kwamba muhuri huo ukibaki, kufika saa tisa msichana mwingine atakuwa anaugonga kwenye zile elfu mbili. Verna hakubishana naye. Alimgeukia Bwana Stroud na kumuuliza kwa adabu kama kanuni hiyo bado ipo, au nayo imewekwa kwenye faili.

Bwana Stroud alikuwa mtu aliyeweza kupeleka magazini mbovu kwa askari na akalala vizuri, lakini kanuni iliyoandikwa ilimuuma kama kijiwe kiatuni.

"Ipo," alisema. "Kitabu kiletwe."

Walishuka ngazi wote watatu, Verna mbele. Mashine zilipunguza kelele moja baada ya nyingine kadiri walivyopita, kwa sababu Bwana Ormsby hakuwa na kawaida ya kuonekana chini. Kwenye jiwe la kusagia alikuwepo Bronia, miwani usoni, vumbi la meno yake mwenyewe likiwa limejaa mikononi. Verna alimpa muhuri. Bronia aliutazama, akamtazama Bwana Ormsby, akaukandamiza kwenye jiwe.

Cheche ziliruka mpaka kwenye suruali ya meneja, akarudi nyuma. Bronia alisaga kwa raha, polepole, kuliko ilivyohitajika. Namba tatu ilikwenda, namba moja ikakwenda, kiduara kikakwenda. Akauzima ndani ya maji, ukalia, akamkabidhi Bwana Stroud kipande cha chuma laini kisicho na neno. Kisha, mbele yao wote, akavua glavu na kumpa Verna mkono.

Kitabu kililetwa. Verna aliandika jina lake lote, Verna Louise Tackaberry, kwa herufi za shule, na tarehe. Saini ya wiki hiyo waliipata hapo, na hawakupata nyingine.

* * *

Clifford alipomwona anaingia saa sita mchana alielewa. Hakusema neno kuhusu kalamu. Alivuta kiti chake pembeni ili na mwenzake apate joto la jiko. Bi Elva aliuliza kama walau aliwatukana. Verna akamwambia habari ya tumbili. Kikongwe hakucheka. Alikata mkate ambao Verna aliuoka Jumatano, akautafuna muda mrefu.

"Chumvi imetosha," alisema.

Watakula nini, bado hakuna aliyejua. Verna alikuwa amesikia kwamba hospitali ya barabara ya pili inatafuta wafuaji wa mashuka, na Jumatatu angekwenda kuuliza. Lakini hilo lilikuwa la Jumatatu. Alifuta meza, akachukua daftari na kalamu, akamwandikia mtoto wake kabla posta haijafungwa.

Alimwandikia kwamba wote ni wazima, baba yake anapumua vizuri zaidi theluji ikianguka, bibi anamsalimu na kumwambia avae soksi mbili. Kwamba yeye ameacha kazi kiwandani, asiwe na wasiwasi. Kwamba magazini tano alizonazo ni nzuri, alizipima zote kwa mkono wake, azitunze, na namba 31 haitatengenezwa tena. Kisha akaandika mwisho wa barua, bila kufuta neno:

*Baada ya gwaride mtapewa nyingine, mpya, zinang'aa. Iangalie mbele. Ukiona jino limesagwa, itupe mtoni. Wakikuuliza iko wapi, sema imedondoka yenyewe. Haitakuwa uongo, mwanangu.*